Picha Hii Ni ya Nani?

Lugha yetu ina neno dogo linalobeba mzigo mkubwa. Tusemapo "picha ya mzee," twaweza kuwa na maana mbili. Ya kwanza ni picha inayoonyesha uso wa mzee; ya pili ni picha iliyo mali ya mzee. Katika mazungumzo ya kila siku hatusumbuki kuzitenga. Lakini ukiichunguza historia ya picha za watu katika Afrika Mashariki, msomaji, utaona kwamba maana hizo mbili mara nyingine zilikaa nyumba moja, na mara nyingine ziliachana kabisa. Katika insha hii nataka kuonyesha kuwa picha ya mtu yafaa kuhukumiwa kwanza kwa swali hilo: je, ilikuwa yake kwa maana zote mbili, au kwa moja tu?

Wako wanaodhani kwamba picha haihitaji mhakiki. Shairi, wasema, lina mtunzi, na kinyago kina mchongaji. Lakini picha ni kazi ya mashine, na mashine haina nia. Hoja hiyo ni dhaifu. Kabla ya kamera kufumbua jicho lake, yupo mtu aliyechagua mahali, mwanga, nguo na mkao. Yupo aliyeamua kitu gani kiingie na kitu gani kibaki nje. Palipo na uchaguzi pana maana, na palipo na maana pana kazi ya mhakiki.

Tuanze mbali kidogo, ili tuujue ufundi wenyewe. Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839. Miaka miwili tu baadaye, Novemba 1841, William Constable alifungua studio Brighton, mji wa Uingereza ulio ukingoni mwa bahari. Wengine wengi walimfuata, huko na katika miji mingine ya pwani. Sababu si ngumu kuiona. Watu walikwenda pwani kupumzika. Walikuwa na nafasi, walikuwa wamevaa nguo zao nzuri, na walitaka kumbukumbu ya kurudi nayo nyumbani. Studio nyingi ziliwekwa juu kabisa ya majengo, zikaezekwa kwa vioo, maana mwanga wa kutegemewa ulikuwa wa jua. Aliyepigwa picha alilazimika kutulia kwa sekunde nyingi, na nyuma ya shingo yake palisimamishwa chuma cha kukishikilia kichwa kisitikisike. Basi uonapo nyuso za watu wa kale zimekaza kama za watu waliofiwa, usidhani kuwa hawakujua kucheka. Walikuwa wakizuia pumzi.

Mwaka 1854 Mfaransa aitwaye Disdéri alijipatia haki ya njia yake ya kupiga picha kadhaa ndogo juu ya kioo kimoja, ambazo zilikatwa na kubandikwa juu ya kadi. Bei ikashuka. Karani, fundi cherehani na mwalimu wakaweza kununua kitu ambacho zamani kilikuwa cha mabwana waliochorwa kwa rangi. Na kwa kuwa karani hakuwa na jumba la kifahari la kusimama mbele yake, mpiga picha alimtundikia nyuma pazia lililochorwa nguzo, bustani au mawimbi. Likumbuke pazia hilo, kwani tutalirudia.

Ufundi huo ulipofika katika pwani yetu, ulikuta mazingira yasiyo mageni kwake. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na meli za Ulaya zikazidi kupita Zanzibar na Mombasa. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, bandari hizo zilikuwa na wapiga picha wa kazi, wengi wao wenye asili ya Goa. Majina yao yamechapwa nyuma na pembeni mwa picha zao: A. C. Gomes, ndugu Coutinho, Pereira de Lord. Bara nako alikuwapo William D. Young, aliyepiga picha za ujenzi wa reli ya Uganda, na aliyefanya kazi Mombasa kisha Nairobi.

Studio hizo za pwani zilifanya biashara mbili chini ya paa moja. Asubuhi angeweza kuingia tajiri wa Kihindi na familia yake, au Mwarabu mwenye joho na kilemba, au bibi wa mji katika kanga zake mpya. Huyo alilipa, akakaa alivyotaka, akaichukua picha yake. Hiyo ilikuwa biashara ya kwanza. Biashara ya pili ilikuwa ya postikadi kwa abiria wa meli. Humo uso wa mtu uliuzwa kwa mgeni asiyemjua, na chini yake yaliandikwa maneno ya jumla tu: mwanamke wa Kiswahili, mwenyeji wa Zanzibar. Jina lake halikuandikwa. Alikuwa na mama aliyemwita kwa jina, alikuwa na jirani na madeni na nyimbo alizozipenda. Yote hayo yalifutwa ili awe mfano wa aina, kama kipepeo katika kabati la makumbusho.

Tena kulikuwa na hatari iliyojificha katika ufundi wenyewe. Kioo kilichopokea picha kilibaki kwa mpiga picha, na kioo kimoja kingeweza kutoa nakala mamia. Kwa hiyo hata picha iliyoanza maisha yake kama mali ya mwenyewe iliweza kugeuzwa bidhaa baadaye. Mteja alikwenda zake na nakala yake, akidhani kwamba uso wake ameondoka nao.

Hata hivyo tusifanye haraka kusema kwamba kila picha aliyoitaka mwenyewe ni picha ya kweli. Mfikirie Hamed bin Muhammed, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Picha zake zilizobaki zamwonyesha mtu wa makamo mwenye ndevu na kilemba, mtulivu, mwenye macho ya kujiamini. Hadhi hiyo haikuwa ya kubuni. Hata hadithi ya maisha yake aliisimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Lakini alikuwa mfanya biashara wa pembe na wa watumwa, na wale waliobebeshwa pembe hizo na wale waliouzwa hawamo ndani ya picha. Studio ilimpendelea aliyekuwa na fedha. Swali letu la kwanza, basi, ni mlango wa hukumu, si hukumu yote. Baada ya kuuliza picha ni ya nani, uliza pia ni nani asiyekuwamo.

Sasa tupande kutoka pwani mpaka kwenye matuta yetu. Huku kamera haikuja mikononi mwa mwenye duka anayengojea mteja. Ilikuja na msafiri, mmisionari, mlowezi na askari. John Boyes, mfanya biashara aliyeishi kwa Karuri wa Gakure, alitoa kitabu chenye picha mwaka 1911, na katika jina la kitabu hicho alijiita mfalme wa Wakikuyu. Juni 1902 wamisionari wa Consolata walifika Tuthu, katika Kangema hii yetu, wakakaribishwa na Karuri. Mmoja wao, Padre Filippo Perlo, alikuwa mpiga picha hodari, na picha nyingi za wamisionari hao zimehifadhiwa Turin, Italia.

Tuzihukumu vipi picha za namna hiyo? Kwa upande mmoja, twawiwa shukrani na wapigaji. Bila wao tusingeona nyumba za wakati ule, mavazi ya ngozi, mapambo ya masikio, wala misitu iliyokuwa bado haijafyekwa. Kwa upande wa pili, waliopigwa hawakuziagiza. Nia ya mpigaji ilikuwa kuwaonyesha watu wa kwao mahali alipofika na kazi aliyoifanya. Mtu mkubwa kama Karuri alitajwa. Mama aliyesimama na mzigo wake wa kuni mara nyingi hakutajwa. Ni picha zetu kwa maana ya kwanza tu. Uso ni wetu, karatasi ni ya mwingine, na anayetaka kumtafuta nyanya wa nyanya yake huenda ikampasa kuvuka bahari.

Utaniuliza: je, jina peke yake latosha kuirekebisha dhuluma hiyo? La. Kumbuka kipande, ambacho kuanzia mwaka 1919 na 1920 wanaume Waafrika wa Kenya waliotimiza umri wa miaka 16 walilazimishwa kuchukua, wengi wakikitundika shingoni ndani ya kopo la chuma. Kipande kilikuwa na jina la mtu na alama za vidole vyake. Kilimjua vizuri kuliko postikadi ilivyomjua yule bibi wa Zanzibar. Lakini hakikumheshimu, kwa sababu hakukitaka, na kazi yake ilikuwa kumfanya akamatike. Kwa hiyo jina bila hiari ni kamba, na uso bila jina ni bidhaa. Picha njema ya mtu hudai vyote viwili.

Vyote viwili vilipatikana zaidi studio zilipoenea kwa watu wa kawaida katika karne ya 20. Zanzibar, Ranchhod Oza, aliyejifunza kazi katika studio ya Gomes, alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na mwanawe Rohit akairithi. Mombasa ilikuwa na N. V. Parekh, ambaye wateja wake, vijana na wachumba na marafiki, walikaa mikao waliyoiona katika filamu za Kihindi. Lamu ilikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe, aliyeikata sura ya mtu kwa mkasi na kuipandikiza ndani ya ua au kitu kingine, kama mtu atungaye fumbo. Na mbali huko Bamako, katika Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948, akawa akiwaazima wateja saa, redio na pikipiki ndogo wapigwe picha navyo.

Hapa ndipo baadhi ya watu hukunja uso. Wasema: picha hizo ni uongo. Saa si yake. Bahari nyuma yake ni rangi tu juu ya pazia. Hajapanda ndege hiyo wala hataipanda. Mimi nasema kinyume. Pazia halimdanganyi mtu yeyote. Makunjo yake yaonekana, na mwisho wake juu ya sakafu waonekana. Kila atazamaye ajua kwamba hiyo si bahari, bali ni tamaa ya bahari. Kijana aliyesimama mbele yake asema waziwazi, "Hivi ndivyo nipendavyo kuonekana," na kauli hiyo ni kweli tupu, kwani hakuna ajuaye tamaa yake kuliko yeye. Sasa ilinganishe na postikadi. Humo mnazi waweza kuwa mnazi wa kweli, kibanda kikawa kibanda cha kweli, na mchanga mchanga wa kweli. Lakini jambo lisemwalo ni uongo, yaani kwamba mwanamke huyu ni sawa na wengine wote wa aina yake. Pazia la rangi lilisema kweli, na mnazi wa kweli ukasema uongo. Mhakiki asiyeweza kuona tofauti hiyo atazame tena.

Kasoro za studio sizifichi. Mikao ilijirudia mpaka ikachosha: mkono begani, mguu juu ya mguu, ua mezani. Lakini hata ushairi wetu una vina na mizani vinavyojirudia, na mtunzi hodari husema jambo lake ndani ya vina hivyo hivyo. Tazama kidole kilichokataa kutulia, au dada aliyemsogelea ndugu yake kuliko alivyoelekezwa. Hapo ndipo mtu huyu mmoja hutokeza ndani ya mkao wa watu wote.

Hata mpiga picha mwenyewe aweza kupotezwa. Mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York bila jina lake, kama kazi ya mtu asiyejulikana, ingawa alikuwa hai. Ikiwa fundi mwenye studio yake aliweza kusahauliwa, sembuse babu yako?

Siku hizi kila kijana ana kamera mfukoni, ndani ya simu, na picha ni nyingi kuliko mvua ya masika. Wingi huo haujaondoa swali letu; umelizidisha. Anayempiga picha mgonjwa au mlevi barabarani, akaisambaza ili watu wacheke, ametengeneza postikadi upya: uso umechukuliwa na mwenyewe hakuulizwa. Kabla hujabonyeza, jiulize kama mwenye uso angeitaka picha hiyo iwe yake.

Na iko kazi nyingine, isiyoweza kungoja. Katika nyumba nyingi za Kangema, Murang'a, Karatina na Nyeri kuna picha za studio zilizotundikwa ukutani au kulazwa ndani ya masanduku: kijana mwenye koti la kuazima, mabibi wawili waliosimama wima, mtoto aliyeketishwa juu ya meza. Bado wapo wazee wachache wanaowajua. Wakiondoka wao, watu hao watakuwa mwanamke wa Kikuyu na mwenyeji wa Kenya, na safari hii mgeni hatakuwa na lawama. Ichukue picha hiyo kwa mzee mwenye kumbukumbu, umwulize majina, mahali na mwaka. Kisha igeuze taratibu, na kwa penseli, maana wino huweza kupenya, andika nyuma yake ni ya nani.