Snorri Sturluson na Ushahidi wa Mashairi

Asomaye habari za Óðinn, Þórr na Loki, miungu ya kale ya watu wa Kaskazini ya Ulaya, aghalabu asoma maneno ya mtu mmoja bila kujua. Mtu huyo ni Snorri Sturluson, Mkristo wa kisiwa cha Iceland, aliyezaliwa mwaka 1179 na kuuawa mwaka 1241. Sifa yake imetokana na vitabu viwili: Edda, kilichoandikwa karibu na mwaka 1220, chenye habari za miungu na kanuni za ushairi, na Heimskringla, tarikhi ya wafalme wa Norwe tangu zama za hadithi hadi mwaka 1177. Desturi ni kuvitenga, cha kwanza wapewe wachunguzi wa dini na cha pili wapewe wanahistoria. Desturi hiyo yaficha jambo kubwa, kwani vitabu vyote viwili vimesimama juu ya nguzo moja, nayo ni shairi la kale.

Edda hakikuandikwa ili kuhubiri dini iliyokwisha kufa. Watu wa Iceland walikuwa wameupokea Ukristo karibu na mwaka 1000. Lakini washairi wao waliendelea kusema kwa mafumbo: merehebu ikaitwa farasi wa bahari, na dhahabu ikaitwa nywele za Sif au machozi ya Freyja. Asiyejua kwamba Loki alizinyoa nywele za Sif, na kwamba mahali pake zikatiwa nywele za dhahabu, hawezi kulifumbua fumbo hilo. Na asipolifumbua, shairi zima limempotea. Hofu ya Snorri ilikuwa hiyo. Awaonya vijana watungao wasiziamini hadithi hizo, wala wasizisahau. Ili aweze kuzisimulia bila dhambi, ametumia hila nzuri: mfalme Gylfi aenda kuwauliza maswali wakuu watatu ndani ya ukumbi mkubwa, na masimulizi yakiisha ukumbi watoweka, naye ajikuta amesimama uwanjani peke yake. Msimulizi amesema yote, wala hakuapa juu ya neno hata moja.

Hapa ndipo msomaji apaswapo kuwa na hadhari. Snorri alipenda mpango. Habari zilizokuwa zimetawanyika katika tungo nyingi, nyingine zikipingana, yeye amezipanga mstari mmoja, tangu kuumbwa kwa ulimwengu hadi kuangamia kwake. Kifo cha Baldr ni mfano bora. Kwa Snorri, Baldr ni mungu mpole asiye na hatia. Höðr kipofu amtupia kijiti cha mmea umeao juu ya miti mingine, na mkono wake waongozwa na Loki. Saxo Grammaticus, aliyeandika Denmark kwa Kilatini karibu na zama hizo hizo, hamtaji Loki katika kisa hicho. Kwake yeye Høtherus si kipofu bali ni shujaa, naye apigana na Balderus kwa sababu ya mwanamke, Nanna, na kumjeruhi kwa upanga. Ni nani mwenye kauli ya kale zaidi? Hilo halina jibu jepesi. Lakini hapana shaka kwamba simulizi la Snorri ndilo lililoshinda, na limeshinda kwa uzuri wake. Wengi wamedhani kuwa uzuri huo ni ushahidi wa imani ya kale, kumbe ni kazi ya mwandishi.

Katika Heimskringla shairi lashika daraja ya shahidi. Snorri atoa hoja ambayo wanahistoria wa leo wangali wakiijadili: tungo zilizosomwa mbele ya mfalme mwenyewe, au mbele ya wanawe, zaaminika, kwa sababu hakuna mshairi ambaye angethubutu kumsifu bwana wake usoni kwa vita ambavyo wote waliohudhuria walijua kuwa hakupigana. Hiyo ingekuwa dhihaka, si sifa. Hoja ina nguvu, ijapokuwa si kamili, maana mshairi asiyesema uongo aweza bado kunyamaza. Na vina na mizani vikishikwa barabara, si rahisi maneno kubadilika midomoni mwa watu. Kwa hiyo utungo wa miaka mia mbili ulimfikia Snorri ukiwa na afya kuliko hadithi ya mdomo mtupu.

Lakini sehemu zilizo bora katika kitabu hicho hazina shahidi. Ni hotuba. Mfalme Ólafr wa Norwe awaomba watu wa Iceland wampe kisiwa kidogo cha Grímsey, na wengi waona ni jambo dogo. Ndipo asimamapo Einarr wa Þverá. Asema kwamba mfalme huyu huenda akawa mwema, ila wafalme hawafanani, naye ajaye huenda akawa mbaya. Basi heri kutokuwa na mfalme kabisa. Einarr aliishi miaka mia mbili kabla ya kitabu, na aliyempa maneno hayo ni Snorri.

Jambo hilo lashangaza kwa kuwa Snorri mwenyewe alikwenda Norwe mwaka 1218, akapokea heshima na zawadi, na alirudi mwaka 1220 akiwa ameahidi kuwavuta watu wake chini ya mfalme Hákon. Alitunga utenzi wa beti 102 kumsifu Hákon pamoja na jamaa yake Skúli, nao ndio uliofungia Edda. Ahadi hakuitimiza. Mwaka 1239 aliondoka Norwe kinyume cha amri ya mfalme, na usiku mmoja wa Septemba 1241 watu wa Gissur Þorvaldsson, aliyekuwa zamani mkwewe, walimwua katika chumba cha chini cha nyumba yake huko Reykholt, kwa kufuata matakwa ya Hákon. Kufika mwaka 1264 Iceland nzima ilikuwa chini ya mfalme wa Norwe. Kisa cha usiku ule kiliandikwa na Sturla Þórðarson, mtoto wa ndugu yake. Sturla huyo huyo ndiye aliyepewa baadaye kazi ya kuandika tarikhi ya mfalme Hákon.