Sauti Juu ya Picha: Filamu za Utotoni, Sinema Mpya na Nafasi ya Kiswahili katika Krismasi ya Kampala

1.0 Utangulizi

Krismasi inapowadia, wakazi wengi wa Kampala hufunga safari kwenda vijijini kwao. Wanaobaki mjini, wakiwamo watoto waliofunga shule, hupitisha sikukuu mbele ya runinga na katika vibanda vya video. Humo filamu mpya hukutana na zile ambazo mtazamaji amezijua tangu udogoni. Makala hii inahakiki filamu mbili zinazowakilisha makundi hayo: Home Alone (1990) ya Chris Columbus, na Who Killed Captain Alex? (2010) ya Nabwana I.G.G. Inadai kwamba anachokirudia mtazamaji wa kibandani ni sauti inayosimulia kama ilivyo picha inayosimuliwa. Sera ya Kiswahili katika nchi jirani haijaipa sauti hiyo uzito unaostahili.

2.0 Mtoto na Kanda ya Video

Kisa cha Home Alone ni chepesi. Kevin, mtoto wa miaka minane, anasahaulika nyumbani karibu na Chicago wakati jamaa zake wanapanda ndege kwenda Paris kula Krismasi. Wezi wawili wanaivizia nyumba, naye anawatega mmoja baada ya mwingine. Mtoto anayeitazama kwa mara ya kwanza hucheka wezi wanapoanguka. Akiirudia utu uzimani, kicheko hupungua na tukio la kanisani hupanda thamani: mzee Marley, jirani aliyeogopwa na watoto wote, anamweleza Kevin kwamba amekosana na mwanawe, na kwamba amekuja kumsikiliza mjukuu wake akiimba kwaya. Hapo ndipo inapobainika kwamba aliyeachwa peke yake si mtoto tu.

Lipo jambo jingine lenye maana kubwa kwa mtazamaji wa Kampala. Kevin ana kanda ya filamu ya majambazi ambayo hakuruhusiwa kuitazama. Kijana anapoleta chakula mlangoni, Kevin hajitokezi. Anaiachia kanda izungumze kwa niaba yake, na kijana anatimua mbio akidhani anapigwa risasi. Mtoto huyo ameitwaa sauti ya filamu ya watu wengine na kuitumikisha kwa shida yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya msimulizi wa kibandani, ambaye Uganda humwita VJ. Huwapa wahusika majina ya wenyeji, hufafanua desturi ngeni, hutia methali na mzaha. Kwa istilahi za fasihi simulizi, yeye ni fanani, na filamu ni malighafi yake.

3.0 Sauti Iliyobaki

Nabwana alilelewa na sanaa hiyo kwa namna ya pekee: filamu nyingi za mapigano alizijua kwa kusimuliwa na ndugu zake kabla ya kuziona. Alipoanza kutengeneza zake mtaani Wakaliga, masimulizi yalikuwa yamekwisha kuwa sehemu ya maana ya neno sinema. Nakala ya awali ya Who Killed Captain Alex? imepotea. Iliyobaki ni ile yenye sauti ya VJ Emmie, anayewashangilia wapiganaji, kuwatania na kuisifu Uganda, hasa kwa Kiingereza. Kutenganisha filamu na msimulizi wake hakuwezekani tena.

Ubora wa kazi hii ni ujasiri wake: helikopta ya kompyuta inaibomoa Kampala bila kuona haya ya ufukara wa zana, na swali la jina la filamu halijibiwi kamwe. Kasoro yake ni kwamba msimulizi hajui kunyamaza. Kifo cha Alex kinapaswa kuzaa majonzi, lakini mzaha hauyapi nafasi. Kasoro hiyo huikabili fani nzima. Msimulizi anayelijaza kila pengo angelipoteza tukio la mzee Marley, ambalo nguvu yake imo katika utulivu.

4.0 Kibanda na Sera

Neno kibanda ni la Kiswahili, nalo limezoeleka Kampala kwa wingi wa Kiganda, bibanda. Hata hivyo, sauti inayotawala humo ni ya Kiganda. Nchini Rwanda filamu zinazosimuliwa, ziitwazo agasobanuye, hutumia Kinyarwanda. Katiba ya Uganda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hatua hizo ni njema, lakini zinamfikisha mtoto kwenye Kiswahili kupitia mtihani. Na nchini Uganda lugha hii ilikwisha kubeba kumbukumbu ya jeshi na polisi. Hakuna anayeirudia sauti ya mtihani wakati wa Krismasi.

Ushahidi kwamba Kiswahili kinaweza kazi hii upo. Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijipatia hadhira kubwa kwa kusimulia filamu za kigeni kwa lugha inayocheza. Washauri wa sera wana mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, wasimulizi wa Kiswahili wasaidiwe kupata filamu kwa idhini ya wenye haki, kwa kuwa biashara hii kwa sehemu kubwa imeendeshwa bila idhini hiyo. Pili, masimulizi yahifadhiwe, yasije yakafuata njia ya nakala ya awali ya Captain Alex. Tatu, msimulizi asifungwe kwa usanifu wa kitabuni, wala Kiswahili kisiletwe kuving'oa Kiganda na Kinyarwanda. Kiketi navyo kama mgeni anayejua kusimulia.

5.0 Hitimisho

Mtoto wa leo ndiye atakayezirudia filamu zake katika Krismasi za miaka ishirini ijayo. Lugha atakayozisikia nazo wakati huo inachaguliwa sasa, kibandani kuliko darasani.