Tovuti za wanafunzi na alama za waamuzi

Novemba 2009 Google ilianzisha shindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania: waandike makala za Kiswahili katika Wikipedia, na watakaoandika vizuri watuzwe. Wakati ulikuwa mwafaka. Mwaka uleule nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa, na intaneti iliyokuwa ikipitia setilaiti kwa bei ya kuogofya ikaanza kupanda bara kuelekea miji kama Nyeri na Karatina. Shindano lilipofungwa Januari 2010, washiriki wapatao 800 walikuwa wamejiandikisha na makala zaidi ya 900 zilikuwa zimeandikwa. Mmoja wa washindi alipata laptopu kwa makala 17 kuhusu mambo kama uhifadhi wa maji, umwagiliaji wa matone na upandaji wa misitu.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Makala 900 kwa watu 800 ni moja na ushee kwa kila mtu, na bado kuna mtu mmoja mwenye 17. Wengi basi waliandika moja wakaacha, au hawakuandika kabisa. Sioni aibu hapo, maana kila shindano lina wabeba mzigo wake. Swali langu ni la kiufundi zaidi: tunapomtuza mwanafunzi kwa kutengeneza ukurasa wa kufundishia, tunapima nini hasa, na kipimo hicho kinamfanya ajenge kitu cha namna gani?

Shindano lililojibu swali hilo mapema na kwa ukubwa kuliko yote ninayoyajua ni ThinkQuest. Asili yake inafaa kusimuliwa. Mwaka 1990 kampuni za IBM na MCI, pamoja na shirika la Merit, ziliunda shirika lisilo la faida liitwalo Advanced Network & Services ili kuendesha uti wa mgongo wa intaneti ya Marekani. Miaka michache baadaye mtandao huo uliuzwa kwa America Online kwa dola milioni 35. Shirika likabaki na fedha bila nyaya za kusimamia, na rais wake, Allan Weis, akazielekeza kwenye elimu. ThinkQuest ikaanza 1996.

Kanuni zake zilibuniwa kwa akili. Timu ilikuwa ya wanafunzi wawili au watatu, wa umri wa miaka 12 hadi 19, na walezi wachache ambao kazi yao ilikuwa kuongoza, si kujenga. Timu zilihimizwa kuchanganya shule na nchi, kwa hiyo watoto ambao hawajawahi kuonana walilazimika kugawana kazi kwa baruapepe: mmoja anaandika maelezo, mwingine anachora, wa tatu anaandika msimbo wa HTML kwa mkono. Mada ilitoka kwa wanafunzi wenyewe. Washindi walipata fedha za kusomea chuo, na shule za walezi nazo zikapewa sehemu. Hilo la mwisho naliheshimu sana, kwa sababu lilimfanya mwalimu mkuu aone faida ya kufungua chumba cha kompyuta jioni.

Kasoro ilijificha mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Waamuzi walithamini sana tovuti yenye mwingiliano, yaani ile inayomjibu mtumiaji: maswali yanayojisahihisha, michezo, programu ndogo za Java, ukumbi wa maoni. Mtoto anayetaka kushinda alijifunza haraka kwamba ukurasa wa maandishi na picha peke yake hautoshi. Lakini vitu hivyo vya kuvutia ndivyo vinavyotegemea seva kuwa hai na kivinjari kuendelea kuvikubali. Oracle, kupitia wakfu wake wa elimu, iliichukua ThinkQuest mwaka 2002. Julai 2013 mradi ukafungwa, na maktaba yenye maelfu ya tovuti zilizojengwa na watoto ikaondolewa.

Kilichobaki kimo katika Internet Archive, hifadhi iliyoanzishwa 1996, mwaka uleule wa ThinkQuest. Namna ilivyobaki inaeleza mengi. Hifadhi ya aina hiyo hunakili kile ambacho seva inamtumia msomaji, yaani maandishi, picha na viungo. Programu inayofanya kazi ndani ya seva yenyewe hainakiliki, na programu ndogo za Java vivinjari vya leo vimeacha kuziendesha. Kwa hiyo ukurasa wa kawaida wa HTML, ambao mwamuzi angeupa alama za wastani, bado unasomeka. Maswali yanayojisahihisha na ukumbi wa maoni, vitu vilivyoiinua timu, kwa sehemu kubwa vimekufa au vimebaki fremu tupu. Bila mtu kukusudia, kipimo kilipendelea kile kinachooza haraka.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina muundo tofauti kabisa, na ndiyo maana shindano la 2009 linanivutia hata kama lilikuwa na mapungufu. Mapungufu yalikuwepo. Google Translate ilikuwa imeongeza Kiswahili miezi michache tu kabla, na hatari ya mtu kumimina tafsiri ya mashine isiyopigwa msasa ilikuwa dhahiri. Baada ya zawadi kutolewa, mzigo wa kusahihisha makala ulibaki kwa wahariri wa kujitolea, ambao hawakupata laptopu. Lakini makala ya mwanafunzi aliyeandika kuhusu umwagiliaji wa matone haikumhitaji aendelee kulipia seva. Ilibaki pale, chini ya leseni inayoruhusu mtu yeyote kuinakili na kuiboresha, na historia ya ukurasa ikitunza kila badiliko: nani aliongeza aya, nani aliondoa kosa, lini. Mwandishi akihitimu na kwenda zake, makala hubaki na wenyewe wengine.

Sasa njoo Mathira, eneo la Karatina katika kaunti ya Nyeri. Mwanafunzi wa sekondari hapa ana njia mbili kuu za kutambuliwa kwa kazi ya kompyuta. Ya kwanza ni maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya, yanayopanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi taifa, ambapo mradi husimama juu ya meza na waamuzi hupima andiko, maelezo ya mdomo na fikra ya kisayansi. Ya pili ni mtihani wa KCSE wa somo la kompyuta, ambao karatasi yake ya tatu ni mradi: mtahiniwa hujenga mfumo kamili, akauwasilisha kwenye sidii pamoja na ripoti iliyochapishwa. Njia zote mbili zinafundisha nidhamu ya kweli. Zote mbili pia humaliza kazi siku ya alama. Sidii ikishasahihishwa, hakuna mkulima wala mtoto wa shule ya msingi atakayeifungua.

Tuseme timu ya shule moja ya hapa inatengeneza tovuti kuhusu bakajani wa viazi, ugonjwa unaopiga mashamba ya miteremko hii kila mvua zinapozidi. Njia ya kawaida ni kununua jina la tovuti na nafasi ya seva, na kupakia kurasa zinazometameta kabla ya siku ya maonyesho. Jina linalipiwa kila mwaka. Wanafunzi wa kidato cha nne wakiondoka, bili inabaki ofisini bila mtu anayejua ni ya nini, na tovuti inazimika. Timu ingeweza badala yake kuandika maelezo ya ugonjwa katika Wikipedia, picha za majani ya mashambani ikaziweka Wikimedia Commons, hifadhi huria ya picha, kisha ikatengeneza kurasa chache nyepesi za HTML zinazoweza kunakiliwa kwenye flashi. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia nzima ya Kiswahili inaingia kwenye kompyuta ya maabara na kusomwa bila bando. Kwa shule za mashambani hilo lina uzito kuliko urembo wowote wa ukurasa.

Kwa waamuzi, badiliko ninalolitaka ni dogo. Sehemu ya alama, na sehemu ya zawadi, izuiliwe mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mtu afungue historia ya ukurasa na kuangalia: je, kuna kosa lililosahihishwa? Je, wanafunzi wa kidato kilichofuata wameongeza chochote? Je, kurasa bado zinafunguka kwenye simu ya bei nafuu? Mambo haya yanaonekana kwa macho, na kuyakagua hakuhitaji mtambo wala bajeti mpya, ila mtu wa kuketi na kuyasoma. Ningependa mtu huyo awe mwalimu wa kilimo, anayejua kama maelezo ya bakajani ni sahihi, na mtaalamu wa kompyuta aketi kando yake kama msaidizi.