Giza la Kona na Sababu Yake: Tunavyoweza Kujifunza kwa Lenzi za Roger Deakins

Katika filamu ya The Assassination of Jesse James by the Coward Robert Ford, iliyotoka mwaka 2007, kuna vipande ambavyo picha yake hailingani na sehemu nyingine zote. Jambazi Jesse James amesimama shambani au amekaa kitini, mawingu yanakimbia, na sauti ya msimulizi inatueleza alikuwa mtu wa namna gani. Katikati ya fremu kila kitu ni kikali. Ukielekea pembeni taswira inalegea, rangi zinaachana kidogo, na kona zinazama gizani. Usimulizi ukikoma na mazungumzo yakianza, picha inakuwa safi tena fremu nzima.

Mpigapicha mkuu wa filamu hiyo ni Mwingereza Roger Deakins, na mwongozaji wake ni Andrew Dominik. Sijaona mahali pengine ambapo vinyeti, yaani giza la kingo, imetumika vizuri kuliko hapo. Sisi tunaopiga harusi, mahafali na picha za familia tunaiweka karibu kila siku, kwa hiyo inafaa tuone mtu huyu alifanya nini hasa.

Deakins aliipata kwenye lenzi. Alichukua lenzi pana mno ya Kinoptik, ya milimita 9.8, akaondoa kioo chake cha mbele. Pia alifunga vioo vya lenzi pana za zamani mbele ya lenzi za Arri Macro, ambazo kazi yake ya kawaida ni kupiga vitu vidogo kwa karibu. Lenzi hizo zikabatizwa jina lake: Deakinizer.

Kwa nini hila hiyo inafanya kazi? Ndani ya lenzi nzuri kila kioo kinasahihisha makosa ya kingine. Miale inayopita katikati haisumbui sana, lakini ile inayoingia kwa upande inahitaji kupindwa kwa uangalifu ili itue mahali pake. Ukiondoa kioo kimoja unavunja mapatano hayo. Katikati panavumilia, pembeni ndipo panapolipa gharama. Baadhi ya miale inagonga ukuta wa ndani wa lenzi na haifiki kwenye filamu, na hilo ndilo giza. Miale mingine inafika lakini nyekundu na buluu hazikutani sehemu moja, na huo ndio ule ukungu wa rangi kwenye kingo. Ndiyo maana giza la Deakins linakuja pamoja na ulegevu na rangi zilizoachana. Giza la kompyuta linakuja peke yake, na jicho la mtazamaji linaihisi tofauti hiyo hata kama mwenyewe hawezi kuitaja.

Hila hiyo haikuokotwa tu kwa sababu inapendeza. Jesse James aliuawa tarehe 3 Aprili 1882, katika zama ambazo studio nyingi za picha za watu zilitumia lenzi za muundo aliouasisi Joseph Petzval mwaka 1840. Lenzi hizo zilikuwa kali katikati na legevu pembeni. Mtazamaji aliyewahi kuona picha za karne ile anaikubali picha ya Deakins mara moja kama kumbukumbu ya zamani.

Ila ninachokiheshimu zaidi ni kiasi. Filamu hii ina urefu wa dakika 160, na giza la kingo limetengewa hasa vipande vya usimulizi. Kwa hiyo lina maana: hapa tunaona kwa jicho la anayekumbuka, na anayekumbuka hushika jambo la katikati na kupoteza ya pembeni. Lingetandazwa filamu nzima, tungelizoea mapema na lisingetuambia chochote. Tuzo ya Oscar ya upigaji picha kwa filamu za mwaka 2007 ilikwenda kwa Robert Elswit kwa filamu ya There Will Be Blood. Kwa maoni yangu kazi hii ya Deakins ilistahili zaidi.

Kwenye picha tuli yupo Mmarekani Emmet Gowin, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alifunga lenzi ya kamera ya negativu za inchi 4 kwa 5 kwenye kamera ya negativu za inchi 8 kwa 10. Lenzi yoyote inatupa duara la mwanga, na kamera hukata mstatili ndani ya duara hilo. Negativu yake ilikuwa kubwa kuliko duara, kwa hiyo duara zima likaonekana, limezungukwa na weusi. Wengine wangekata weusi huo kwa mkasi. Gowin aliuacha, akaanza kupanga mke wake Edith, jamaa zake na nyua za Danville, Virginia, ndani ya umbo la mviringo. Uamuzi wa ukingo ulitangulia kubonyeza shuta.

Sasa tuje kwenye kamera zetu. Mwanga unaofika kwenye sensa ukiwa umeinama hupungua hata lenzi ikiwa nzima. Kwa lenzi sahili, mwale ulioinama nyuzi 30 huleta takriban asilimia 56 ya mwanga wa katikati, na ulioinama nyuzi 45 huleta robo tu. Ndiyo sababu lenzi pana zina kona nyeusi zaidi. Aina ya pili ya giza inatokana na mwili wa lenzi kuziba miale ya pembeni, na hii hutegemea ukubwa wa tundu la lenzi: likiwa wazi kwenye f/1.8 inaonekana waziwazi, ukifunga hadi f/4 sehemu kubwa yake inaondoka. Tundu likiwa wazi giza huingia taratibu. Ukiweka kizuizi mbele ya lenzi, mathalani bomba la karatasi nyeusi, kisha ukafunga tundu, ukingo wa giza unakuwa mkali zaidi. Mpigapicha anaweza kuchagua hapo hapo anataka ukingo wa namna gani.

Kwenye programu za kuhariri picha kama Lightroom au Snapseed, shida ni kwamba kitelezi cha giza la kingo hakijui kilichopo kwenye kona. Tazama picha ya ukoo mzima kwenye harusi: bibi harusi katikati anang'aa, na shangazi aliyesimama mwisho wa mstari, mwenye ngozi nyeusi na aliyevaa gauni la rangi iliyokoza, anafifia hadi uso haueleweki. Yeye pia alilipa nauli kuja. Picha ya kundi isiwekewe giza la kingo kabisa. Kanzu nyeupe ikiwa pembeni, ile mbinu ya Lightroom inayochanganya weusi juu ya picha huigeuza kijivu kama haijafuliwa. Tumia ile inayolinda sehemu angavu. Na kama mwanga wa picha yako unatoka dirishani kushoto, giza la duara linalozunguka katikati linapingana nao. Tia giza upande wa kulia kwa mkono, uache upande wa dirisha upumue.

Kamera nyingi za siku hizi huondoa giza la lenzi zenyewe kabla hujaiona picha, halafu sisi tunalirudisha kwa kitelezi. Ingia kwenye menyu, zima usahihishaji wa mwanga wa pembeni, fungua tundu la lenzi yako hadi mwisho, na upige uso wa mtu mmoja mbele ya ukuta mtupu. Ujue kwanza giza la lenzi yako mwenyewe kabla ya kuongeza la programu.