Raifo ya Kwanza kwa Mwindaji wa Mnyuzi

Mpwa wangu alishuka kwenye bodaboda, akaniamkia, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba alikuwa ameshaninyooshea simu. Picha ya bunduki: kitako kinang'aa kama meza ya mkuu wa mkoa, mtutu mnene, na juu yake darubini ndefu kama pampu ya baiskeli.

"Mjomba, hii ni .375. Inalaza nyati."

"Nyati wako anakaa wapi, Mnyuzi au Kwagunda?"

Alicheka, lakini mimi sikuwa natania. Kosa la kwanza la anayetaka bunduki ya kuwindia ni kuichagua kwa mnyama wa ndotoni. Huku kwetu, kuanzia vilima vya chini ya Usambara Mashariki, kupita mashamba ya mkonge, hadi ng'ambo ya Mto Pangani unapoingia vichaka vya Handeni, mnyama anayezungumzwa ni funo, paa, pongo, ngiri na nguruwe pori. Funo mzima ana kilo 15 hivi. Pongo dume, yule mwenye madoa meupe ubavuni, akinenepa sana hafiki kilo 100. Na hakuna hata mmoja wao atakayesimama kukungoja uwandani. Unamwona kwenye mwanya wa vichaka, hatua 40, pengine 70, jioni mwanga unapokaribia kwisha, na mwanya huo haudumu hata kwa muda wa kupiga chafya. Bunduki nzuri ya huku ni ile inayofika begani haraka, inayoona gizagiza, na ambayo mwenyewe haiogopi.

Niseme la vibali mapema, maana wengi hulikumbuka pesa zikishatoka. Kumiliki silaha ni jambo la polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na safari yake huanzia kwenye serikali ya kijiji chako wanakojua tabia zako. Kuwinda ni jambo la wanyamapori, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na wasimamizi wake ni TAWA na maofisa wanyamapori wa wilaya. Kibali kimoja hakizai kingine. Mwenye raifo halali kabatini akimpiga pongo bila leseni ni jangili kama jangili mwingine yeyote. Kurunzi usiku, kufyatua kutoka ndani ya gari, sumu na mitego vimekatazwa, na mwindaji wa kweli asingevitaka hata kama visingekatazwa. Anayetaka nyama tu, akanunue kwenye bucha la nyamapori lenye leseni. Itamgharimu kidogo sana kuliko hii habari tunayoanza.

Bunduki si ngeni huku. Karne ya 19 Wazigua walizipata kupitia Saadani na Pangani, zikipandishwa na wafanyabiashara wa pembe za ndovu, na ni magobore hayo yaliyosaidia kuutikisa ufalme wa Washambaa, hasa baada ya kufa mfalme wao Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862. Kisha ikaja reli. Novemba 1914 treni zilizopita hapa Mnyuzi ziliwateremsha askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kwenda kupigana na Waingereza Tanga. Wengi wao walishika Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nene ya milimita 11 na baruti ya moshi. Ukifyatua, wingu linamwonyesha adui mahali ulipo. Waingereza walipokimbilia melini waliacha ufukweni bunduki za kisasa, bunduki za rashasha na risasi zipatazo 600,000. Kati ya vyote hivyo nadhani risasi ndizo zilizomfurahisha yule Mjerumani kuliko kitu kingine, maana alikuwa amefungiwa bahari na hakujua shehena nyingine ingekuja lini.

Ndiyo maana kabla ya kumuuliza muuzaji chochote kuhusu bunduki, namuuliza risasi zake zinapatikana wapi, na kama mwakani zitakuwepo. Yapo makalibra matamu sana kwenye vitabu ambayo Tanzania nzima utayatafuta kama dawa ya babu. Hapo utabaki na rungu la bei mbaya.

Tuanzie chini. .22 ndogo iache kabisa. Itamjeruhi paa na kumpeleka kufia mbali. .243, iliyotoka Marekani mwaka 1955, ni tamu mkononi, haina teke, na kwa funo hadi pongo inatosha mikononi mwa mtu mtulivu. Ila ikikutana na nguruwe pori dume aliyejaa tope na mafuta begani, huanza kuomba radhi. .303 ya Waingereza, ile ya Lee-Enfield waliyoibeba askari wa KAR na polisi wa kikoloni, ni kalibra ya heshima, na kwa pongo haina kasoro hata leo. Kasoro ni umri: nyingi zilizobaki zimechoka, na risasi zake ni za kubahatisha. 7 kwa 57 ya Mauser, ya mwaka 1892, ningeipenda kuliko zote kama risasi zingekuwa rahisi.

Hapo ndipo kijana mjuaji huniambia habari za Bell wa Karamoja, aliyeua mamia ya tembo kwa milimita 7. Kweli aliua. Lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi, na alikuwa na mkono ambao Mungu hagawi kila siku. Wewe bado hujampata hata kanga.

Zinabaki mbili, .308 na .30-06. Kipenyo cha risasi ni kimoja, milimita 7.82. Ya pili ni ya jeshi la Marekani la mwaka 1906, na hiyo "06" ni mwaka wenyewe. Ya kwanza ni mdogo wake wa mwaka 1952, mfupi kidogo, teke lake dogo kidogo. Kwa masafa ya Mnyuzi pongo hawezi kujua ipi imempiga. Kwa hiyo chagua ile iliyo kwenye bunduki nzuri zaidi uliyoiona dukani, na ambayo muuzaji wa risasi anayo rafuni, siyo anayoahidi kuagiza.

Na ile .375 ya mpwa wangu? Ni kalibra bora, naivulia kofia. Holland & Holland wa London waliitoa mwaka 1912, na hadi leo wengi huihesabu kuwa kipimo cha chini kwa nyati na tembo. Lakini teke lake ni karibu mara mbili ya .30-06. Mwanafunzi akipigwa nalo mara tano huanza kufumba macho kabla ya mlio, na ugonjwa huo hautoki kwa dawa. Nimeona watu wazima, wenye bunduki za thamani ya pikipiki mbili, wakikosa debe hatua 50 kwa sababu hiyo hiyo.

Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotigani, siitukani. Namba 12 yenye SG, zile gololi kubwa, hulinda shamba la mahindi vizuri, ilmradi nguruwe awe ndani ya hatua 30. Zaidi ya hapo gololi hutawanyika, na unachofanya ni kumtia mnyama vidonda. Tena usimwamini anayekuambia kuna risasi nzito "isiyojali vijiti." Kijiti cha unene wa kidole huipindisha risasi yoyote. Ngoja mwanya.

Sasa bunduki yenyewe. Tuseme ni ya mkono wa pili, maana nyingi ziko hivyo, na mimi naona raifo ya zamani iliyotunzwa huishinda mpya ya bei rahisi. Ukipewa, elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua bolti, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole. Muuzaji akikukabidhi bila kufanya hivyo yeye kwanza, umeshajua jambo moja kuhusu namna alivyoitunza.

Toa bolti. Weka kikaratasi cheupe nyuma ya chemba, uchungulie kupitia mdomo wa mtutu. Unatafuta michirizi iliyojizungusha, kingo zake kali, ikimeremeta tangu mwanzo hadi mwisho. Weusi wa vumbi na mafuta usikutishe. Pitisha kitambaa, utatoka. Kinachotisha ni vishimo kama uso uliopona ndui. Vishimo hivyo vina historia. Risasi nyingi za kijeshi za zamani zilikuwa na fataki inayoacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hunywa unyevu. Askari wa zamani walimimina maji ya moto mtutuni kabla ya kupaka mafuta, kwa kuwa mafuta peke yake hayayeyushi chumvi. Sasa fikiria bunduki iliyopigwa risasi hizo, ikafutwa juu juu, ikalala miaka mitatu kwenye joto na unyevu wa huku kwetu. Kwa nje imepakwa rangi inang'aa; ndani imeliwa.

Mdomo wa mtutu uangalie peke yake, tena kwa muda. Hapo ndipo risasi inapoagana na chuma, na kidonda kidogo upande mmoja huipotosha. Chukua pamba, izungushe kwenye ukingo wa ndani. Ikinasa nyuzi, kuna mkwaruzo ambao jicho halikuuona. Huwa unatokana na mtu kusafisha kwa fimbo ya chuma akiingizia mbele, au kuegemeza bunduki chini mdomo ukiwa mchangani, kama jembe.

Rudisha bolti, uivute na kuisukuma taratibu. Bolti ya Mauser ya mwaka 1898, na za ukoo wake kama Brno ZKK 600 ya Czechoslovakia, hucheza kidogo ikiwa nyuma, na hilo si kosa. Ikifungwa inatulia kimya. Napenda ukoo huo kwa sababu ya kucha lake pana, linaloidaka risasi mara inapotoka magazini na kuishikilia hadi ganda litupwe nje. Kwenye kichaka, mikono ikitetemeka, kucha hilo ni rafiki. Kisha soma namba. Ya kwenye bolti na ya kwenye mtutu zilingane, na zote zilingane na karatasi. Bolti ya kuazima huenda isifunge kwa kipimo cha chemba ile, na moto utakaotoka nyuma utaelekea machoni mwako. Namba ikiwa imekunwa, usiulize bei. Ondoka.

Kitako wengi hukitazama kwanza. Mimi hukitazama mwisho. Mikwaruzo ni umri tu. Ufa je? Shika pale shingoni, nyuma tu ya bolti, ukikunje taratibu huku ukisikiliza. Ufa uliojazwa gundi na kupakwa vanishi utaonekana kama unywele mweusi unaokata mkondo wa mti. Halafu fumba macho, ipandishe begani kama unavyoona raha, ufumbue. Ukikuta jicho liko sawa na kilengeo bila kupinda shingo, bunduki hiyo ilitengenezwa kwa mtu wa umbo lako. Ukilazimika kutafuta, pongo ameshaondoka.

Kifyatulio kikatike ghafla kama kijiti kikavu, kisivutike kama mpira. Ila kisiwe chepesi mno. Bunduki ikiwa tupu na imekokiwa, gonga kitako kwenye mkeka. Chuma kikiachia chenyewe, hiyo inataka fundi mwenye leseni, au inataka kuachwa.

Kuhusu darubini nina neno moja: ndogo. Ya kukuza mara moja na nusu hadi mara nne inatosha sana. Ile ya picha ya mpwa wangu, ukimtazama nayo pongo hatua 40, utaona manyoya tu, usijue ni bega au ni paja. Vilengeo vya chuma visiondolewe hata ukiweka darubini, maana darubini huanguka na bunduki.

Mwisho ni kuipiga, kwenye uwanja wa shabaha ulioruhusiwa. Hatua 100, umeegemea gunia la mchanga, risasi tatu. Zikiingia zote kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa, lipa. Tumia risasi za ncha laini, zinazochanua ndani ya mwili. Za kijeshi zilizofunikwa shaba tupu hupita zikiacha tundu la sindano, na mnyama hukimbia akafie usipomwona. Kibaya zaidi, hupita zikamkuta aliye nyuma yake, ambaye huku kwetu anaweza kuwa mtu anayekata mkonge.

Tulikwenda na mpwa wangu Tanga mjini, kwa muuzaji mwenye leseni. Alishika saba. Ya sita ilikuwa Brno ya .30-06, kitako kimekwaruzwa, rangi ya bluu imefifia pale mikono ya mtu fulani iliposhika miaka mingi, mtutu ndani safi kama kioo. Pamba haikunasa. Ile .375 ilikuwepo pia, ukutani, inang'aa, hakuigusa. Ametanguliza fomu zake kijijini, na bunduki imebaki dukani hadi kibali kitoke.