Kicheko na Dhamiri katika Mji wa Jua

Wapo wanaodhani kwamba kitabu cha kuwachekesha watoto ni kitabu kisicho na kazi. Kwao hadithi ya mtoto haina budi kuishia kwa onyo, na kicheko ni sukari tu ya kumezeshea dawa. Rai hiyo yafaa ipimwe kwa kuitazama riwaya ya Nikolai Nosov juu ya Neznaika katika Mji wa Jua, iliyotolewa katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1958. Nosov alizaliwa Kiev mwaka 1908 na kufariki Moscow mwaka 1976. Riwaya hii ni ya pili kati ya tatu zinazomhusu Neznaika, jina ambalo maana yake ni asiyejua.

Wahusika ni vijitu vyenye kimo cha tango dogo. Neznaika anapewa fimbo ya ajabu na mzee mganga baada ya kutenda mema matatu pasipo kutaka malipo. Akitenda maovu matatu, fimbo itakoma kufanya kazi. Anasafiri kwa motokaa pamoja na Knopochka, msichana mwenye busara, na Pestrenky, ambaye hapendi kunawa na ameazimia kutoshangazwa na jambo lolote. Mji wanaoufikia una nyumba zinazozunguka kulifuata jua na mashine za kila namna, na askari wake hawana kazi kubwa ila kuongoza magari.

Hapa ndipo ufundi wa Nosov unapodhihirika. Mji umekamilika, lakini mgeni hakukamilika. Neznaika anagongana njiani na kijana aliyekuwa akitembea huku anasoma kitabu, na kwa hasira anamgeuza punda. Mchana anajiona shujaa. Usiku dhamiri yake inamsemesha na kumnyima usingizi. Mabishano hayo yanachekesha, kwa maana kila udhuru anaoutoa unajibiwa papo hapo. Mtoto anayesoma anamcheka Neznaika, kisha anatambua kwamba udhuru ule ule aliwahi kuutoa yeye mwenyewe. Hapo kicheko chenyewe kimekuwa funzo, wala si sukari ya kumezeshea kitu kingine.

Tukilinganisha na ngano zetu, tofauti ni dhahiri. Katika visa vya Abunuwasi na vya Sungura, mara nyingi tunacheka pamoja na mjanja dhidi ya wakubwa wanaozidiwa akili. Kwa Neznaika tunamcheka shujaa mwenyewe, na huku tunampenda. Vicheko vyote viwili vina manufaa: kimoja humfunza mnyonge kutumia akili, cha pili humfunza mtu kujitazama.

Neznaika anapotaka kulirekebisha kosa lake, anakwenda kwenye bustani ya wanyama na kuwageuza watu wanyama watatu wasiohusika. Watatu hao wanaleta fujo mjini, na baadhi ya wenyeji wanaanza kuiga mavazi na mienendo yao. Kejeli hii ni kali: wanaoigwa kama watu wa kisasa jana walikuwa punda! Lakini pia inatufikirisha zaidi ya mavazi. Ikiwa jamii yenye ufundi mwingi hivyo inapotoshwa upesi hivyo, basi mashine pekee hazijengi utamaduni. Uovu uliingia kutoka nje, lakini utayari wa kuiga ulikuwamo tayari ndani ya mji.

Riwaya haikosi dosari. Maelezo ya mashine na viwanda mara kwa mara ni marefu, na hapo wahusika wanasimama kando kama wanafunzi waliopelekwa ziarani. Tena, mwishoni mzee mganga ndiye anayewarudisha punda katika hali yao. Fujo iliyosababishwa na mtoto inaondolewa na mkubwa. Kwa hiyo Neznaika anajuta, lakini hapati nafasi ya kutengeneza alichokiharibu. Dhamiri iliyozungumza vizuri hivyo usiku ilistahili kupewa kazi mchana.

Hata hivyo, waandishi wetu wa vitabu vya watoto wana mengi ya kujifunza hapa. Mtoto anayehubiriwa hujua mapema atakaloambiwa, naye hufunga masikio. Mtoto anayecheka ameyafungua mwenyewe. Mwalimu akisoma kisa cha punda darasani, asiharakishe kuuliza hadithi inafundisha nini. Aulize kwanza ni wapi walicheka, na kwa nini. Majibu yao yatamfikisha kwenye dhamira ya riwaya.