Siti binti Saad na Heshima ya Uimbaji wa Taarabu

Uimbaji wa taarabu, yaani muziki wa mwambao unaooanisha mashairi na ala kama udi, fidla na dumbaki, unastahili pongezi si kwa utamu wake pekee, bali pia kwa sababu uliwahi kuwa baraza la wanyonge, na hilo linadhihirika zaidi katika kazi ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia ya wafinyanzi, akawa akitembeza vyungu huku akivinadi kwa sauti, na huenda biashara hiyo iliyodharauliwa ndiyo iliyomfunza kuitawala pumzi. Alihamia mjini mwaka 1911. Wapo waliomkejeli kwa sura na nasaba yake, lakini mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, yaani sahani za gramafoni, kwa Kiswahili, ilhali taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa imezoea Kiarabu.

Lililo zito zaidi ni maudhui. Wimbo wa "Kijiti", kwa mfano, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, mtuhumiwa akatorokea bara, na adhabu, ajabu ya mahakama za kikoloni, ikawaangukia mashahidi. Hivyo hukumu ambayo watu wa Ng'ambo, mtaa wa makabwela, hawakuweza kuikatia rufaa ilijadiliwa upya vibarazani kila santuri ilipopigwa. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu wake uliandikwa na Shaaban Robert.